Nataka siku nne za kimya abasiani, nyumbani nimesema naenda semina

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya sekondari hapa Njombe. Nina miaka 43, nimeolewa, na tuna watoto watatu. Mkubwa yuko kidato cha pili, mdogo darasa la tatu. Mume wangu anafanya biashara ya mbao. Ni mtu mwema, nalisema mapema usije ukamfikiria vibaya.

Mama yangu alifariki Novemba mwaka jana. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo ndiye niliyemuuguza, ndiye niliyepokea michango, ndiye niliyehakikisha waombolezaji wamekula na wamepata pa kulala. Siku ya maziko nilikuwa na daftari mkononi tangu asubuhi. Sijalia mpaka leo. Watu wananisifu kwamba nimejikaza.

Usiku mmoja mwezi wa pili nilikaa kwenye stuli ya jikoni kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Niliposhtuka ilikuwa saa nane, taa inawaka, kalamu iko mkononi, na sikuwa nimesahihisha hata daftari moja. Sikuwa nawaza chochote. Niliogopa. Imetokea tena mara mbili.

Mwalimu mwenzangu, mtu mzima, akaniambia kwamba kila mwaka huenda Peramiho, abasiani, yaani kwenye monasteri ya wamonaki Wabenediktini karibu na Songea, akakaa nyumba ya wageni siku chache akisali na kunyamaza. Aliposema neno "kunyamaza" nilihisi kama mtu mwenye kiu aliyesikia maji yanamiminwa. Nikapiga simu, wakanipokea vizuri, na nimepata siku nne mwezi wa sita shule zikifungwa.

Shida ni nyumbani. Nilimwambia mume wangu nataka kwenda mafungo. Akasema, "Si mlishafanya na WAWATA wakati wa Kwaresima?" WAWATA ni chama chetu cha wanawake Wakatoliki, na mafungo anayoyajua ni yale ya maturubai, vipaza sauti, mhubiri kutoka jimbo jingine na pilau ya pamoja. Nikamweleza kwamba haya ni ya kukaa peke yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Peke yako na nani?" Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akadakia kwamba mwanamke mwenye mume haachi watoto akaenda kulala kwa mapadre, watu watasema nyumba imeingia mdudu.

Sikubishana. Siku ya tatu nikamwambia mume wangu kuna semina ya walimu wa Hisabati Songea, siku nne. Akasema sawa, akauliza tu kama nauli watarudisha. Yakaisha.

Kuna jambo jingine. Mama aliacha shamba la miti ya paini, na wadogo zangu wanataka tuivune mwaka huu. Nimewaambia naenda kusali, nitarudi na jibu.

Shangazi, je, uongo huu ni mbaya kiasi gani, ikiwa ninakokwenda ni kusali? Je, ni ubinafsi kuwaacha watoto ili mimi nipumzike? Na nikifika huko, nikanyamaza, halafu nikaanza kulia nisiweze kuacha, nitafanyaje mbele za watu nisiowajua?

Mama wa Watatu, Njombe

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama. Nakupa pole hiyo kwanza kwa sababu katika barua nzima umeniandikia mengi uliyowafanyia wengine msibani, na sikuona mahali mtu alipokuketisha wewe akakupa uji.

Nenda Peramiho. Ila nenda ukiwa umeshaifuta hiyo semina.

Najua ulitarajia nikupunguzie hapo. Jione usiku wa kwanza, umeingia chumbani, hakuna televisheni, hakuna mtoto anayeita, nje kuna baridi na kimya. Simu inaita. Ni mume wako, anauliza semina inaendeleaje. Utamtajia mkufunzi asiyekuwepo, mada isiyofundishwa, chakula cha mchana ambacho hakikupikwa. Kesho yake atapiga tena na itabidi ukumbuke uliyosema jana. Utakuwa umesafiri kote huko, umepanda na kushuka milima ya Lukumburu, ili ukakae chumbani ukiutunza uongo. Ungepata utulivu zaidi hapo hapo jikoni kwako.

Halafu kuna hili, ambalo limenikaa moyoni tangu niisome barua yako. Uliposema mafungo, ulihojiwa na watu wawili. Uliposema semina, uliulizwa nauli tu. Semina ni kazi, ina cheti na posho, kwa hiyo mwanamke akienda semina hana la kujitetea. Umejifunza kwamba ruhusa ya kuondoka nyumbani hupatikana ukiwa unakwenda kutumika. Ukiuendeleza uongo huu utawathibitishia wote wa nyumba hiyo, na binti zako kama unao, kwamba mama hapumziki ila kwa hila. Sitaki wajifunze hivyo kutoka kwako.

Swali la mume wako, "Peke yako na nani?", wewe umelisikia kama tuhuma. Mimi nimelisikia tofauti kidogo. Huyu ni mtu ambaye kwa miezi sita ameishi na mke anayepika, anayefundisha, anayejibu anapoulizwa, lakini hayupo. Sasa mke huyo anamwambia anataka kwenda mahali akanyamaze zaidi. Angeacha kuogopa vipi? Hebu niambie, hilo la stuli ya jikoni saa nane za usiku, umemwambia? Kama mimi nisiyekujua ndiye wa kwanza kulisikia, basi hapo ndipo pa kuanzia. Mtafute akiwa peke yake, mama yake amelala, umwambie: "Nilikudanganya kuhusu semina. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa utanikatalia. Nimekaa jikoni usiku, sijui saa zimeendaje, na tangu mama afariki sijalia." Usitafute maneno mengine. Akikasirika kwa kudanganywa ana haki yake. Mwachie siku mbili.

Kisha mwombe akusindikize. Si hadi stendi, hadi Peramiho kwenyewe. Mshuke Songea, mchukue gari la kuelekea huko, ni kilometa kama 24, aone geti, aone kanisa, anywe chai na wewe, akukabidhi mkoba wako kwa bruda anayepokea wageni, arudi zake. Mwanamume aliyepaona mahali mke wake anapolala hana tena haja ya kuuliza na nani.

Kwa mama mkwe, mjibu kwa heshima na kwa mambo anayoweza kuyashika. Wamonaki wana sehemu yao ya ndani inayoitwa klausura, na mwanamke haingii huko, hata awe nani. Wageni wana nyumba yao, na wengi wao ni watu wa ndoa, walimu, wauguzi, wazee. Kupokea wageni si jambo walilobuni juzi. Mtakatifu Benedikto aliyeandika Kanuni yao alifariki karibu mwaka 547, na sura ya 53 ya Kanuni hiyo inaagiza kwamba kila mgeni anayefika apokewe kama Kristo mwenyewe, kwa lile neno la Injili, "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha". Peramiho yenyewe ipo tangu 1898. Ilichomwa moto wakati wa vita vya Maji Maji, ikajengwa upya. Sitashangaa kama mama mkwe ana ndugu aliyewahi kutibiwa katika hospitali yao ya Mtakatifu Yosefu. Mkumbushe. Watu humwogopa wasiyemjua, lakini daktari aliyemponya shemeji yao wanamjua.

Na kama baada ya yote hayo nyumba bado haitulii, usiache safari, ibadilishe. Hapo hapo kwenu Njombe mna Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Gertrude, Imiliwaha. Waulize kama wanaweza kukupokea. Kwa masista neno la "kulala kwa mapadre" linakosa pa kushikia. Lakini kwa moyo wangu ningependa uende mbali kidogo, mahali ambapo hutakutana na mzazi wa mwanafunzi wako njiani akakuuliza matokeo ya mtihani.

Sasa nikueleze siku zenyewe, maana naona hofu yako kubwa iko huko.

Mara yangu ya kwanza nilikwenda Ndanda, ile abasia iliyoanzishwa 1906 chini ya uwanda wa Makonde, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu. Nilikwenda na ratiba niliyoiandika mwenyewe: saa ya rozari, saa ya kusoma Isaya, saa ya kutafakari, saa ya kuandika. Siku ya kwanza nililala tangu baada ya chakula cha mchana hadi kengele ya jioni, nikaamka nikala, nikalala tena hadi asubuhi. Nikaona aibu, nikaenda kumwomba radhi padre aliyekuwa akiwaongoza wenye mafungo. Akanifungulia Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, akaniambia nisome polepole. Eliya amechoka hadi anaomba afe. Anajilaza chini ya mti. Malaika anamgusa, anamwambia ainuke ale; anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kile kile. Hakuna mahubiri wala karipio, ni mkate na maji. Mlima wa Horebu na ile sauti ndogo ya utulivu vilikuja baadaye, baada ya mwendo wa siku arobaini. Basi siku yako ya kwanza ni ya mkate na usingizi, mwanangu. Usijiwekee ratiba. Wenyeji wako wanayo tayari, inapigwa kengele.

Kengele hiyo itakuita kabla jua halijachomoza, kwa Masifu ya Asubuhi na Misa, kisha mchana, kisha Masifu ya Jioni, na mwisho sala ya kabla ya kulala, wanayoiita Kompleta. Baada ya hapo kimya kinashuka hadi asubuhi. Ni agizo la Kanuni, sura ya 42. Hulazimiki kuhudhuria zote. Ukienda, kaa nyuma, uwaache wakuimbie. Utaona wamegawanyika pande mbili zinazotazamana, upande huu unaimba mstari, ule unasikiliza, kisha unapokea. Wanakwenda taratibu, na katikati ya mstari wanatua kidogo. Sisi wa parokiani tumezoea kwaya inayopanda na kushuka na kinanda, kwa hiyo mara ya kwanza utaona kama wanachelewa. Ngoja. Kufika siku ya pili pumzi yako itakuwa imeanza kutua wanapotua wao.

Na hapa nafika kwenye machozi yako.

Benedikto alipanga zaburi zote 150 ziimbwe ndani ya juma moja, asichague mtu zile anazozipenda. Siku hizi mpangilio hutofautiana kati ya monasteri na monasteri, lakini shabaha ni ile ile, zaburi zote zisaliwe. Maana yake ni kwamba zile za shangwe zitakuja, na zile za hasira zitakuja, na zile za mtu aliyezama hadi shingoni zitakuja pia, uwe tayari au usiwe. Ipo ya 130, "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia", ambayo umeisikia kwenye maziko mengi na huenda kwenye maziko ya mama hukuisikia kwa sababu ulikuwa unahesabu sahani. Ipo ya 88, ambayo katika Sala ya Kanisa, zile sala rasmi za kila siku, huwekwa Ijumaa usiku kabla ya kulala. Zaburi nyingine za kilio hugeuka mwishoni zikasifu. Hii haigeuki, inafungwa gizani. Na wamonaki wanaisali hivyo hivyo, wanafunga vitabu, wanakwenda kulala. Hawaongezi neno la kuirekebisha.

Nilipoisikia mara ya kwanza nililia hadi nikashika benchi. Mimi pia nilikuwa nimesifiwa kwa kujikaza. Nilikuwa nikidhani kwamba ili kumlilia mtu mbele ya Mungu ni lazima nipate maneno yangu, na maneno sikuwa nayo. Hapo nikayakuta yameshasemwa, tena yanasemwa na watu thelathini, arobaini, kwa sauti moja, kila juma, kwa ajili ya yeyote aliyekaa nyuma. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Hakuna aliyenikimbilia kunibembeleza ninyamaze, kama tunavyofanyiana misibani kwa upendo. Kwa hiyo ukianza kulia, lia. Mahali pale pamezoea. Ukiona umezidiwa, toka nje taratibu, tembea kati ya miti, kisha mwombe padre muonane. Kunyamaza hakukukatazi kuzungumza na padre wala kuungama. Mwombe siku ile ile unayofika, akupe saa yake.

Siku ya tatu mwombe bruda wa wageni kazi ndogo ya mikono. Kuchambua maharage, kufagia majani, kumwagilia maua. Mwili wako umezoea kubeba, ukiukalisha siku nne mfululizo utaanza kukusumbua. Lakini isiwe kazi yenye daftari. Wakikuuliza unafundisha nini wakataka uwasaidie hesabu za ghala, kataa kwa adabu.

Kuhusu miti ya mama: iache Njombe. Umewaahidi wadogo zako jibu kana kwamba Mungu anakungoja Peramiho na bei ya ubao. Ukienda hivyo, siku zote nne utakuwa kwenye kikao cha ukoo kichwani mwako. Waandikie ujumbe leo kwamba hulijibu jambo hilo kabla ya mwezi wa nane, na kwamba kabla ya shoka kugusa mti wowote, ukoo ukae umpendekeze msimamizi wa mirathi na mahakama imthibitishe. Hilo ni la sheria, halihitaji mafungo. Na usikubali kuwa msimamizi kwa sababu tu wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri.

Umeuliza kuhusu ubinafsi. Fungua Marko 6:31. Mitume wamerudi kazini, watu wanaingia na kutoka hata nafasi ya kula hawana. Ni msiba wa kwetu kabisa huo. Na Yesu anawaambia waje peke yao kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, wapumzike kidogo. Wale watu wote bado walikuwa na shida zao, na aliwaambia hivyo hivyo waondoke. Watoto wako wana baba na wana bibi. Mkubwa wa kidato cha pili anaweza kupika ugali kwa siku nne.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Huko kupotewa na saa usiku, kama kunaendelea, au usingizi umekukimbia, chakula hakipiti, au umewahi kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, nenda hospitali kabla ya safari, umwambie daktari kama ulivyoniambia mimi. Mafungo hayachukui nafasi ya daktari, na hakuna padre mwenye busara atakayekuambia vinginevyo.

Mengine ni madogo. Wewe wa Njombe hutishiki na baridi, ila beba sweta, maana kanisani alfajiri kuna ubaridi wake. Beba tochi, dawa zako, viatu visivyopiga kelele sakafuni, Biblia, na kitabu kingine usibebe. Kuhusu gharama, waulize kwa simu mchango wa wageni ni kiasi gani, waulize wazi, hawataona vibaya. Simu yako iwashe mara moja kwa siku, saa mliyokubaliana na mume wako, dakika kumi. Na umwachie namba ya nyumba ya wageni ili mtoto akiugua akupate. Ukirudi usitegemee kwamba uso utang'aa wala kwamba mama mkwe atakuwa amebadilika. Huenda utarudi umechoka, una macho mekundu, unataka kulala tena. Mwambie mume wako mapema kwamba inaweza kuwa hivyo.

Na usiku ule utakapokuwa ukipanga mkoba, chukua karatasi safi, uandike jina la mama yako lote, lile la ubatizo na lile la ukoo, na tarehe aliyofariki. Ukishapokelewa getini, kabla hujaonyeshwa chumba, mpe bruda karatasi hiyo, umwombe mama awekewe nia ya Misa katika siku zako hizo nne. Asubuhi hiyo wewe utakuwa umekaa tu. Jina la mama atalisoma mtu mwingine.